Ardis na Moshi wa Mbugani

Ardis Ruzicka aliingia nyumbani kwa mumewe akiwa ndani ya gari la mizigo la baba yake, lililojaa matope hadi kwenye vioo. Nyuma hakukuwa na kabati wala kitanda. Kulikuwa na magunia ya chakula cha ng'ombe yaliyojazwa udongo hadi shingoni. Shemeji yake Orrin Kvamme alikuwa amesimama uani na chupa ya bia. Akachungulia gunia la kwanza, akaona vijani vilivyochanikachanika kama vya karoti, akawageukia ndugu zake.

"Shemeji," akasema, "wenzako huja na vyombo. Wewe umetuletea magugu?"

Watu wakaangua kicheko. Ardis naye akacheka, maana alikuwa mgeni na bado hajajua kicheko kipi ni cha utani na kipi kina mwiba ndani. Kisha akaomba koleo.

Mimi nilikuwepo. Shamba letu la matufaha, hapa mlimani, linapakana na la akina Kvamme upande wa kanisa, na vuli nyingi nimesimama na Ardis bandani, tukipanga matufaha kwenye makasha hadi vidole vinakufa ganzi. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine aliniambia yeye, na mengine alinisimulia mama mkwe wake, ambaye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Baba yake Ardis alikuwa na malisho huko kwenye nchi ya mchanga, ng'ambo ya mto, kipande cha mbuga ambacho jembe halikuwahi kukigusa. Kila mwaka, theluji ikiwa bado imelala mitaroni, kuna ua linalotangulia mengine yote. Watu wetu huliita moshi wa mbugani. Shina lake ni jekundu, na juu yake huning'inia maua matatu, yameinamisha vichwa, mekundu ya kuiva, yamefumba midomo. Hayafunguki kamwe. Yakishachavushwa ndipo huinua vichwa na kuota nywele ndefu za waridi, na upepo ukipita kilima kizima hufuka. Dereva wa lori la maziwa aliwahi kusimama kwa baba yake Ardis kuuliza kinachoungua ni nini.

Mwaka ule wa harusi, mzee Ruzicka alikuwa ameuza malisho yake kwa mkulima wa mahindi, na mkulima akatoa ahadi ya kuanza kulima Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Basi Jumapili, badala ya kulala na kula keki iliyobaki, bibi harusi wa jana alivaa buti za baba yake, na yeye na mzee wakachimba tangu walipotoka kanisani mpaka jua likaelemea. Walichoweza kubeba walikibeba. Kilichobaki kilipinduliwa na jembe kesho yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye magunia.

Borghild, mama yao akina Kvamme, alikuwa mwanamke mrefu, Mnorwe wa Kilutheri wa kumulikwa kwa tochi usione doa. Alikuwa amemkubali mkwe Mkatoliki, tena Mbohemia, wa wahamiaji wa Kicheki, kwa moyo uleule anaoipokelea mvua wakati wa kuvuna. Alimwonyesha Ardis ukingo wa changarawe kati ya nyumba na barabara. Pale yeye mwenyewe alishindwa waridi, akashindwa nyasi, na hata viazi vilimshinda.

"Panda pale," akasema. "Yakifa, sitasema kitu."

Hayakufa. Changarawe, jua kali, upepo, ndivyo vitu yaliyozaliwa kuvipenda. Majira ya machipuko yaliyofuata yakachanua, na Borghild akatimiza ahadi yake kwa namna yake. Hakusema kitu kwa sababu hayakufa. Akaanza kusema kwa sababu yameishi.

"Yanaonekana kama kitu kilichonyauka kabla ya kuchanua," akamwambia Lowell, mumewe Ardis, mezani, huku Ardis akimimina kahawa palepale. "Watu wanaopita barabarani watadhani kuna mgonjwa humu ndani."

Lowell alikuwa mtu wa amani, na mtu wa amani katikati ya mama na mke ana kazi. Akaomba sukari.

Wakati Ardis alipokwenda kujifungua mtoto wa kwanza, Borghild alimwita Orrin aje na mashine ya kukata nyasi. Orrin hakuhitaji kuitwa mara mbili. Shamba lake mwenyewe, ile nusu aliyorithi ng'ambo ya uzio, lilikuwa limekatwa nyasi chini ya miti hadi unaweza kutandika meza humo. Alikata ukingo wote wa changarawe, maua na vitumba, akaacha ardhi imenyolewa kama kichwa cha askari.

Ardis alirudi kutoka hospitali na mtoto mikononi. Akashuka garini, akaona.

"Tumekusafishia kidogo," Borghild akasema mlangoni.

Lowell aliniambia baadaye kwamba pale alitamani gari liwake lenyewe limchukue. Lakini Ardis hakupiga kelele. Alipanda ngazi, akampa mama mkwe mtoto. "Mshike, Mama. Anaitwa Joleen." Akaenda bandani, akarudi na koleo na ndoo, akaanza kuchimba kwenye mashina yaliyokatwa. Mizizi ilikuwa mizima. Akang'oa shina kubwa kabisa, akaligawa vipande kwa ncha ya koleo, akavipanda chini ya mstari wa kwanza wa miti ya matufaha, mahali ambapo hapajawahi kupandwa ua lolote.

"Ardis, jamani," Lowell akasema, "hata jeraha halijakauka. Daktari amesema—"

"Lowell. Nishikie ndoo, au ingia ndani kwa mama yako."

Lowell akashika ndoo.

Ndivyo ilivyoanza. Kuanzia hapo Ardis alijiwekea desturi ambayo hakumtangazia mtu, lakini sote tuliigundua: kila alipochekwa kwa ajili ya maua yake, alipanda mengine. Wanawake wa kanisani walipomwambia, kwenye chakula cha pamoja, kwamba wamesikia anafuga magugu badala ya kuku, alikula sahani yake ya viazi vya jibini akamaliza, akaenda nyumbani, akagawa mashina, akapanda mstari. Mwuza dawa za kuulia magugu alipompa mkebe wa bure, "zawadi ya shamba lako, mama, naona unahitaji," akapanda mstari mwingine. Mkebe aliutumia kuzuia mlango wa banda.

Na hakuna aliyecheka kama Orrin. Kila asubuhi alipanda juu ya trekta lake na kusimama kwenye uzio.

"Shemeji! Makaburi ya Wabohemia yanaendeleaje?"

"Yanakungoja wewe, Orrin."

"Ukichoka niambie, nije na mashine. Dakika tano tu!"

"Njoo. Nitakuzika humo humo na mashine yako, nipate mbolea."

Wakicheka, wanacheka wote wawili. Lakini jioni utamwona Ardis ameinama kwenye uzio ule na koleo lake. Kwa miaka, upande wa kwa Orrin ndio uliokuwa mnene kuliko pote, wakati wa mbegu ukauona umefuka waridi tangu barabarani hadi mtoni. Nilimwambia Orrin siku moja kwamba lile shamba la maua amelipanda yeye, kwa mdomo wake. Akasema nenda zako.

Kwa sababu maua yale ni mafupi na mashine ingeyanyoa, ilibidi Ardis aache nyasi za kule zikue zenyewe, akazipunguza kwa fyekeo mwisho wa kiangazi tu. Panya wa shambani wakachimba vishimo vyao humo, wakahama, na wapangaji wapya wakaingia: nyuki manyoya, wale wakubwa wanene wanaonguruma kama pikipiki ya mbali, wenye koti la njano na jeusi. Kila machipuko, kabla mti wowote haujachanua, ungewaona wamening'inia chini ya maua ya moshi miguu juu, wanalazimisha vichwa kwenye midomo ile iliyofumba. Nyuki mwingine hana ubavu huo. Lowell alikalia kishimo kimojawapo wakati wa mapumziko ya kahawa na akala chakula cha usiku amesimama.

"Mke wangu," akasema, "hawa wapangaji wako hawana adabu."

"Wewe ndiye uliyekalia mlango wao."

Usidhani Ardis alikuwa na hesabu kichwani. Nilimwuliza wazi, kwa nini unahangaika hivi. Akasema yalikuwa maua ya kwao, yalikuwa ya kwanza kumwambia kwamba baridi imekwisha, na hatakubali mtu yeyote amchagulie kitu cha kufurahia. Hiyo tu. Kuhusu nyuki alijua kwamba wanauma.

Miaka ikapita kama inavyopita. Joleen na mdogo wake walikua, wakaenda mjini, wakapata kazi za kukaa kwenye kiti. Mgongo wa Lowell ukaanza kumsaliti. Akipanda ngazi ya kupogolea, kushuka ilikuwa kesi. Borghild alivuka themanini na bado akawa anafua siku ya Jumatatu na kupiga pasi Jumanne kama sheria ya nchi. Halafu utitiri ukaingia kwenye mizinga ya nyuki wa nchi nzima, na nyuki wakaanza kufa majira ya baridi, mzinga kwa mzinga.

Sisi wa matufaha hukodi nyuki waje kuchavusha maua. Kwetu aliyewaleta alikuwa Gaylord Benish, mtu mpole mwenye ndevu, aliyekuwa akija na lori lake kila mwezi Mei mizinga imefungwa kwa mikanda. Mwaka ninaousema, Benish alifika na lori nusu tupu. Alishuka, akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba nyuki wengine wamo mle.

"Nimepoteza wengi," akasema. "Waliobaki nimewagawa sawa, Orrin kiasi hiki, nyinyi kiasi hiki. Mkitaka kunitukana, nitukaneni sasa, maana nina mashamba mengine ya kwenda kutukanwa."

Hakuna aliyemtukana. Ardis alimpa kahawa na kipande cha mkate wa tangawizi.

Kisha matufaha yakachanua, miti yote kwa mpigo, myeupe na waridi mlima mzima. Na siku ileile mbingu zikafunga. Haikuwa baridi ya kuua maua. Afadhali ingekuwa hiyo, ukalia mara moja ukanyamaza. Ilikuwa baridi ya kukaa: manyunyu, ukungu, upepo wa kaskazini unaopenya kwenye vifungo. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Nyuki wa Benish walijikusanya ndani ya mizinga yao wakapashana joto. Ukiweka sikio unawasikia wananong'ona. Ukiangalia mlangoni, hatoki hata mmoja. Na ua la tufaha halina subira. Likikosa mgeni siku chache, linaangusha petali zake na habari ndiyo imekwisha.

Orrin alikuja jikoni kwa akina Kvamme na koti lililolowa. Nilikuwa nimepita kuazima pampu, kwa hiyo nilisikia. Hakuja na utani siku ile.

"Lowell," akasema, "sikiliza. Mgongo wako haupo. Watoto hawarudi. Mwaka huu hakuna mavuno, mimi na wewe. Mimi nina mahindi ya kunibeba, wewe huna. Nikodishe upande wako. Nitang'oa ile miti ya zamani, nitasawazisha, nitapanda mahindi. Wewe na Ardis mtakaa hapahapa nyumbani, hakuna atakayewagusa."

Lowell alizungusha kikombe chake. "Nilikuwa nafikiri hivyohivyo," akasema polepole.

Ardis alikuwa kwenye karai la vyombo. Hakugeuka. "Umefikiri lini?"

"Ardis..."

"Nauliza tu, mume wangu. Umefikiri lini, na mimi nilikuwa wapi?"

"Nimefikiri kila ninapopanda ngazi," Lowell akasema. "Sitaki kukudanganya. Mwaka huu ukiwa mbovu, tumwachie."

Ardis aliufuta mkono mmoja, halafu wa pili, akakaa chini. Orrin naye hakufurahi, nimpe haki yake. Alikaa anaangalia sakafu kama aliyekanyaga paka.

Borghild alikuwa dirishani kwenye kiti chake, blanketi magotini. Tulidhani amelala. Akasema, bila kugeuza kichwa, "Ni nini kile?"

"Kipi, Mama?" Lowell akauliza.

"Kile kwenye mti. Kinatikisa maua."

"Ni upepo."

"Nina miaka themanini na ushee, Lowell, upepo naujua. Nipe fimbo yangu."

"Mama, kuna mvua."

"Nimeomba fimbo, sikuomba habari ya hali ya hewa."

Akavaa koti la marehemu mumewe, akajifunga kitambaa, akatoka. Sote tukamfuata kama vifaranga. Alikwenda moja kwa moja hadi mti wa kwanza wa mstari, akainua uso katikati ya maua yaliyolowa, pua karibu kugusa. Ndani ya ua kulikuwa na nyuki manyoya, mkubwa, maji yamemtona mgongoni, anajifuta chavua usoni kwa miguu yote miwili. Akaondoka, akanguruma hadi ua la pili. Juu yake kulikuwa na mwingine. Kwenye tawi la pili, wawili. Tulipozoea kuangalia tukaanza kuwaona kila mahali, mti huu na ule, katikati ya manyunyu yaliyonifanya mimi mwenyewe nivae glavu, wanafanya kazi kama siku ya mnada.

Borghild alimfuata mmoja kwa macho. Nyuki alishuka, akapita chini ya tawi, akatua kwenye moshi wa mbugani, uliokuwa bado haujamaliza maua, akaning'inia miguu juu akanywa. Kisha akainuka akarudi mtini. Borghild akasimama pale na fimbo yake. Mvua ilikuwa inamtiririka kwenye kitambaa.

"Ardis," akaita.

"Nipo hapa, Mama."

"Hawa ni wako?"

Ardis aliangalia. Nafikiri alikuwa anaangalia kwa mara ya kwanza kama sisi. Akayaangalia maua yake, mstari baada ya mstari, na hao wanyama wake wanono wakipanda na kushuka.

"Sijui, Mama. Lakini wanaishi kwangu."

"Basi," Borghild akasema, "waambie waendelee." Akamgeukia Orrin. "Na wewe nenda nyumbani ukabadilishe koti. Hapa hakuna kitu kinachokodishwa leo."

Jua lilitoka maua yalipokuwa tayari yanadondoka. Nyuki wa Benish walitoka, wakazunguka, wakakuta sherehe imekwisha.

Ardis hakuwa na usingizi wiki zile. Alijua nyuki kupita si mavuno. Kila asubuhi alikuwa chini ya miti, ameinua kidevu, anapekua majani. Siku aliyoniita, nilimkuta amekaa kwenye nyasi zake ndefu, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Angalia juu," akasema, "uniambie unaona nini, maana mimi nimeangalia hadi siyaamini tena macho yangu."

Nikaangalia. Kila kishada kilikuwa na vitunda vidogo vya kijani, saizi ya gololi, vimekaza. Tawi hili, tawi lile, hadi kileleni. Nikamwambia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akajilaza chali kwenye nyasi akacheka mpaka Lowell akatoka bandani mgongo umempinda, kuuliza nani ameumia.

Lakini ukitaka kuelewa jambo lenyewe, ungesimama kwenye uzio wa Orrin. Miti yake ya mstari wa kwanza, ile iliyokuwa inagusana na maua ya Ardis, ilikuwa imebeba kama ya Ardis. Mstari wa pili, vizuri. Wa tatu, kidogo. Kisha vitunda vikazidi kuwa haba kadiri ulivyokwenda mbali, hadi upande wa pili wa shamba, kwenye nyasi zile za kutandikia meza, miti ilisimama na majani matupu. Ilikuwa kama mtu amemwaga matufaha kutoka kwa Ardis yakaishia njiani. Orrin alilitembea shamba lake mwanzo hadi mwisho. Akarudi. Akalitembea tena.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa suti. Tulikuwa barazani kwa akina Kvamme, tunakula lefse, zile chapati za viazi za Borghild, na siagi na sukari. Orrin akakataa kukaa.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji," akasema Ardis.

"Yale... yale mambo yako."

"Mambo gani?"

"Unajua."

"Nina mambo mengi, Orrin. Nina mume, nina mgongo wa mume. Sema jina."

Orrin akakohoa. "Maua."

"Sikusikia. Na mama yako siku hizi hasikii vizuri."

"Mimi nasikia vizuri kabisa," akasema Borghild, "lakini arudie."

"Maua!" Orrin akapaza sauti hadi mbwa akainuka. "Nataka yale maua yako, Ardis. Nataka nipande kwangu. Nilikuwa mjinga, umeridhika? Nimecheka tangu siku ya gari la baba yako, na nilikuwa mjinga tangu siku hiyo, na kila mtu mlimani analijua, na sasa nimelisema."

Mimi nilikuwa nimeshikilia kipande cha lefse hewani, naogopa hata kutafuna. Ardis angeweza kumwambia lolote pale, na alikuwa amelimbikiza maneno kwa miaka. Nilimwona anayapitia machoni, moja moja. Halafu akainuka.

"Vua koti," akasema.

"Nini?"

"Koti la suti, livue. Utalichafua. Lowell, mletee ndugu yako koleo."

Wakachimba mchana ule wote. Yaani Orrin alichimba, kwa magoti, na suruali ya kanisani, na Ardis alisimama juu yake kama msimamizi wa barabara. "Ingiza chini zaidi. Usikate hapo. Hapo unaua. Sasa gawa. Polepole, Orrin, si kuni hizo." Alipofika kwenye nyasi ndefu akamwonyesha vishimo vya nyuki na kumwambia asikanyage, na mashine yake ya kukata nyasi, kuanzia leo, ikate barabara tu. Orrin akasema ndiyo, shemeji. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka bila mkia wa utani. Jua lilipopungua alisimama, akajipangusa magoti, akayatazama makasha yaliyojaa mashina.

"Umenipa mengi," akasema.

"Uliyapanda wewe mwenyewe," Ardis akasema. "Mimi nilikuwa nashika koleo tu."

Hapo ndipo walipocheka kweli, wote wawili, hadi Ardis akashikilia uzio.

Vuli ile mlima wetu ulikuwa na shamba moja tu lililojaa. Mashamba mengine, letu likiwemo, yalikuwa na matufaha ya kuhesabu. Wanunuzi waliozoea kupita kwa akina Kvamme bila kupunguza mwendo wakapanga magari uani, na Ardis akawasubirisha. Joleen alichukua likizo akaja na mumewe, mdogo wake akaja, sote majirani tukaja, maana huwezi kukaa nyumbani tufaha likianguka kwa jirani. Tulichuma kwenye jua na kwenye barafu ya asubuhi. Makasha yakaisha, tukaazima kwa Orrin, ya Orrin yakaisha. Lowell, aliyekatazwa ngazi, alikaa bandani kwenye kiti cha kunesa akichambua yaliyobonyea, akiimba nyimbo za Kinorwe ambazo hajui maana yake. Habari ya kukodisha haikutajwa tena, na Joleen akaanza kuuliza maswali ya ajabu kama vile miti inapogolewa mwezi gani.

Mwaka uliofuata, theluji ilipolegea, watu walianza kusimama barabarani mbele ya ule ukingo wa changarawe. Wengine walikuwa wakulima, wengine watu wa mjini wenye vibustani vya mbele ya nyumba. Walikuja na ndoo, na mabeseni, na mmoja na chungu cha kupikia. Wanawake wa kanisani walikuja kwa pamoja, wamepanda gari moja ili wagawane haya. Ardis hakumnyima mtu. Alichofanya ni kuwauliza mmoja mmoja, kwa upole, kama wanakumbuka walivyokuwa wanayaita zamani. Walikumbuka.

Siku ya sikukuu ya matufaha, kamati ikamwomba Ardis Kvamme aongoze msafara wa barabara kuu, mbele ya zimamoto, mbele ya bendi ya shule, mahali ambapo siku zote huwa pa mtu wa kuchaguliwa na serikali. Alikuja na trekta lake mwenyewe limeoshwa, amevaa gauni la njano na buti. Nyuma, kwenye tela, juu ya marobota ya nyasi kavu, Borghild alikuwa ameketi katika kiti chake cha sebuleni, blanketi magotini, na makasha mawili ya matufaha miguuni. Alikataa kutupa peremende kama wengine. Alitupa matufaha, na mkono wake ulikuwa bado na nguvu. Tufaha la kwanza lilipiga kibao cha duka la mikate hadi kikalia, na umati ukapiga yowe la furaha.

"Taratibu, Mama!" Ardis akapaza sauti kutoka kwenye usukani. "Utatoboa mtu!"

"Wadake!" Borghild akajibu, na kuokota jingine. Kisha akainuka nusu kutoka kwenye kiti, akishika bega la Orrin aliyekuwa amekaa kwenye nyasi kumlinda asianguke, akaelekeza fimbo yake mbele kwenye mgongo wa gauni la njano, na kutangaza kwa sauti iliyofika pande zote mbili za barabara:

"Huyu ni mkwe wangu! Mbohemia!"

Watu wakapiga makofi. Bendi ikaanza. Ardis akajifuta uso kwa kiganja, akaongeza gia.